Deni la Pumzi

Wanafunzi, bila shaka mmepata kumwona mtu aliyetoka kukimbia mbio. Amevuka mstari, mashindano yamekwisha, wala hana kazi tena. Lakini mtazameni. Kifua chapanda na kushuka, moyo wapiga kama ngoma, jasho lamtiririka toka kipaji hata kisigino. Miguu imesimama, lakini mwili haukusimama. Ndani yake kazi ingali yaendelea. Ni kazi gani hiyo? Na ikiwa mbio zimekwisha, kwa nini mtu azidi kuhema? Hayo ndiyo tutakayojifunza leo.

Kwanza nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mpate kujua ya kuwa jambo hili si dogo.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha katika shule moja karibu na ziwa. Akaja mvulana mgeni, mtoto wa mvuvi. Mabega yake yalikuwa mapana kwa kupiga kafi, maana tangu utoto wake alifuatana na baba yake ziwani. Siku ya michezo akashindana mbio ndefu pamoja na wenzake. Hakupata kukimbia hivyo siku zote, lakini alikuwa na moyo, akawapita wote. Alipofika mwisho akasimama wima mahali pamoja, kimya kama mti. Mara macho yakamgeuka, akaanguka. Tulimbeba mpaka kivulini, tukamlaza chali, na baada ya kitambo kidogo akafumbua macho. Tukafurahi, tukadhani mambo yamekwisha.

Siku ya pili asubuhi akaja shuleni akichechemea. Akaniambia, "Shikamoo, mwalimu. Mapaja yaniuma, siwezi kuchuchumaa. Naomba nipumzike leo." Mimi nikadhani ni mvivu. Tena nilikuwa nimesikia watu wakisema ya kuwa maumivu hayo ni asidi iliyolala miguuni, na dawa yake ni kukimbia tena hata itoke. Nikamwambia, "Nenda ukakimbie, utapona." Akaenda, kwa kuwa alinitii. Akachechemea juma zima, na tangu siku ile hakushindana tena mbio katika shule ile, ingawa alikuwa na mbio kuliko wote. Baadaye nilisoma habari za mwili, nikaona ya kuwa yeye alisema kweli, na mimi ndiye niliyekosa. Basi sikilizeni, msije mkakosa kama mimi.

Mwili wa mtu hufanya kazi kwa kuchoma chakula. Hauna moto wenye ndimi kama wa jikoni, lakini mambo yake yafanana na ya moto. Kuni zake ni sukari iitwayo glukosi pamoja na mafuta. Na kama moto usivyowaka bila hewa, kadhalika mwili hauwezi kuchoma kuni zake vema bila ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Mapafu huitwaa oksijeni katika pumzi, damu huichukua, moyo huisukuma mpaka kwenye misuli, yaani zile nyama zivutazo mifupa. Mtu akienda polepole, oksijeni aivutayo yatosha kwa kazi yake. Huyo ni kama mtu anunuaye chumvi dukani kwa fedha taslimu: hupewa, hulipa, hudaiwi neno.

Lakini mtu akiondoka mbio ghafula, mambo huwa mengine. Misuli yataka nguvu nyingi mara moja, na moyo na mapafu hayawezi kuongeza kazi yao kwa kufumba na kufumbua. Basi misuli hukopa, nayo hukopa katika mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni akiba ndogo iliyo ndani ya msuli wenyewe, iitwayo kreatini fosfeti. Akiba hiyo i tayari wakati wote, kama fedha iliyo mfukoni. Ndiyo imsaidiayo mtu kuruka akiona nyoka njiani. Lakini ni haba. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, yapungua sana kwa muda wa sekunde kumi hivi.

Mahali pa pili ni sukari ivunjwayo pasipo kungoja oksijeni. Njia hii ni ya upesi, lakini haipati nguvu zote zilizomo katika sukari, tena huacha mabaki yaitwayo asidi laktiki. Jina hilo lisiwatishe. Asidi hiyo ndiyo itiayo uchachu katika maziwa ya mgando mnayokunywa nyumbani.

Twaweza kutoa mfano wa Mtanzania mashuhuri, Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alikimbia meta 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia meta hizo kwa upesi namna hiyo. Tena hakungoja nyuma ya wenzake apate kuwapita mwishoni, kama wafanyavyo wengi. Alitangulia tangu mwanzo, akaongoza mpaka mwisho. Katika mbio kama hizo sehemu kubwa ya nguvu hutokana na oksijeni ya pumzi, lakini pumzi peke yake haitoshi. Nguvu zilizobaki hukopwa, na mkimbiaji afikapo mwisho, mwili wake una deni.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Basi kule kuhema baada ya mbio ndiko kulipa. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Uingereza, A. V. Hill, pamoja na wenzake, walipima pumzi za watu waliokwisha kukimbia, wakaona ya kuwa wavuta oksijeni nyingi kuliko mtu aliyekaa kitako. Wakaiita oksijeni ile ya ziada deni la oksijeni. Siku hizi wataalamu wajua ya kuwa malipo huzidi mkopo. Mwili hulipa na riba, kwa maana moyo ungali wapiga kwa nguvu, mapafu yangali yafanya kazi, na joto lililozidi huharakisha shughuli zote za ndani. Kazi hizo nazo zataka oksijeni.

Sasa na tuyatazame malipo moja moja, jinsi yafuatanavyo.

Malipo ya kwanza ni ya upesi. Ile akiba ndogo ya msuli hurudishwa kwanza. Kwa muda wa nusu dakika hivi, kama nusu yake imekwisha rudi, na baada ya dakika tatu hata tano karibu yote imerudi. Ndiyo maana mtu aliyekimbia upesi mpaka ule mwembe na kurudi, akipumzika dakika chache, aweza kukimbia tena karibu kama mara ya kwanza. Lakini akirudia bila kupumzika, mbio zake zapungua.

Malipo ya pili ni kuiondoa ile asidi laktiki. Zamani watu waliidhani kuwa takataka tu, tena sumu. Sivyo. Ni kuni zilizoungua nusu. Ukiona kijinga kimezimika jikoni hukitupi, bali hukirudisha motoni. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya asidi ile huchukuliwa na damu mpaka kwenye moyo na misuli mingine, ikachomwa huko kwa oksijeni. Sehemu nyingine hufika kwenye ini, na ini huigeuza kuwa sukari tena, likairudisha katika damu. Habari za ini zilivumbuliwa na mtu na mkewe, Carl na Gerty Cori, waliozaliwa Prague na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1947 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya sukari ya mwili, na Gerty Cori alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo hiyo katika mambo ya utabibu. Wasichana mnaosoma kitabu hiki, likumbukeni jina lake.

Kazi hii ya kuondoa asidi huisha kwa muda wa saa moja hivi. Ikiwa mtu atembea polepole badala ya kulala, huisha mapema zaidi, kwa maana misuli itembeayo huzichoma kuni hizo. Basi mwaona kosa langu. Siku ya pili asubuhi, asidi ya mbio za jana ilikuwa imekwisha toka zamani katika miguu ya mvulana yule. Nilimtuma kwenda kufukuza kitu kisichokuwamo.

Na kwa nini alianguka? Sababu yake ni hii. Mtu anapokimbia, misuli ya miguu huibana mishipa ya damu, ikaisaidia damu kupanda na kurudi moyoni, kama mtu akamuaye nguo iliyolowa. Akisimama ghafula, kukamua kwakoma, na mishipa ya miguuni ingali mipana. Damu hukaa miguuni, ubongo hupungukiwa, na mtu huona giza. Kwa hiyo mtu amalizapo mbio asisimame kama nguzo, bali atembee polepole dakika tano au kumi. Na mwenzenu akizimia kwa njia hii, mlazeni chali kivulini, mwinueni miguu juu, msimsonge. Akizinduka, asiinuke kwa haraka. Lakini asipozinduka upesi, au ikiwa alizimia mbio zingali zaendelea, mwiteni mganga bila kukawia, kwani huenda ikawa ni ugonjwa mwingine.

Malipo ya tatu ni juu ya joto. Katika kila sehemu nne za nguvu itumiwayo na msuli, kama sehemu moja tu ndiyo iendeshayo mguu, na tatu hugeuka joto. Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Sasa fikirini habari za nchi yetu. Njisi iko katika tambarare ya mto Songwe, chini ya milima, karibu na Ziwa Nyasa. Jua letu ni kali, na mvua zetu ni nyingi, hata hewa hujaa unyevu. Mwenye kuanika mpunga siku ya mawingu ajua jinsi ukaukavyo kwa taabu. Jasho nalo ni hivyo: hewa ikiwa na unyevu mwingi, halikauki, hudondoka tu bure, na joto hubaki mwilini. Kwa hiyo huku kwetu yatupasa kukimbia asubuhi au jioni, kupumzika kivulini, na kunywa maji safi yaliyochemshwa, kidogo kidogo, mara nyingi. Chumvi iliyotoka pamoja na jasho hurudi kwa chakula cha kawaida chenye mboga na samaki. Na mtu akiwa na joto kali, akapepesuka na kusema maneno yasiyo na maana, hiyo ni hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili wote, mpepeeni, na mmoja wenu akimbie kumwita mganga.

Malipo ya nne huchukua muda mrefu zaidi, nayo ni kujaza ghala. Sukari ya mwili huwekwa akiba kwa namna ya wanga uitwao glaikojeni. Mtu mzima ana kama gramu 400 katika misuli yake, na kama gramu 100 katika ini. Mtu akifanya kazi ngumu saa nyingi, ghala hilo hupungua sana, naye huona miguu mizito kana kwamba amefungwa mawe. Mtazameni mtu anayepakia magunia ya mpunga kwenye baiskeli na kuyapeleka mjini Kyela tangu alfajiri. Ifikapo alasiri, hata kilima kidogo kwake ni mlima. Huyo si mvivu; ghala lake limekaribia kuwa tupu.

Kulijaza huchukua kama siku nzima, tena haliwezi kujaa bila chakula. Shukrani kwa mashamba yetu, dawa yake tunayo. Wali wa Kyela, ndizi, viazi na mihogo ni vyakula vya wanga, na mwili huvigeuza kuwa glukosi, kisha glaikojeni. Mtu akila mapema baada ya kazi, ghala huanza kujaa mapema. Anayekimbia jioni akalala na njaa, kesho yake asishangae akishindwa.

Malipo ya mwisho ndiyo yaliyomuuma mvulana yule. Msuli ufanyao kazi usiyoizoea hupasuka vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mwili hupeleka maji na chembe za damu mahali pale ili kutengeneza, na msuli huvimba kidogo na kuuma. Maumivu hayo hayaji mara moja. Huanza baada ya saa kadhaa, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, na kwa juma moja huisha. Kushuka kilima huleta maumivu haya kuliko kupanda, kwa maana mtu ashukapo, misuli ya mapaja huzuia uzito wa mwili huku yenyewe ikinyoshwa. Mgeni akishuka Milima ya Livingstone kwa miguu mpaka Matema, siku ya pili hukaa kitini kwa kuugua. Lakini wenyeji washukao na mizigo kila juma hawaoni neno. Je, wao wana miguu ya chuma? La. Misuli yao ilikwisha kuumia kidogo, ikatengenezwa, ikawa imara kuliko kwanza.

Hapo ndipo penye siri ya mazoezi yote. Mtu hapati nguvu wakati wa kukimbia. Wakati ule hutumia nguvu na kujiumiza kidogo. Nguvu mpya huzipata wakati wa kupumzika, mwili unapotengeneza kilichovunjika na kukiongeza uimara. Kwa kazi hiyo wahitaji vyakula vya kujenga, kama samaki wa ziwa letu, maharage, kunde, mayai na maziwa. Wahitaji na usingizi. Mtoto wa umri wa miaka 6 hata 12 yampasa kulala saa 9 hata 12 kila usiku. Wazee wetu Wanyakyusa waamkiana kwa neno "Ugonile", maana yake, "Je, umelala?" Salamu hiyo yauliza jambo kubwa.

Msidhani, hata hivyo, ya kuwa nawafundisha uvivu. Mtu apumzikaye siku zote, misuli yake hulegea, kama shamba lisilolimwa. Yule mvulana hakuhitaji kulala juma zima. Alihitaji siku mbili tatu za kutembea polepole na kazi nyepesi, kisha mbio fupi, kisha ndefu kidogo, mpaka miguu yake izoee mbio kama mikono yake ilivyozoea kafi. Laiti ningalimfanyia hivyo, pengine angalikuwa mkimbiaji mashuhuri.

Sasa jaribuni wenyewe. Kaeni kitako dakika tano. Kila mmoja aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika, kisha azidishe hesabu hiyo mara mbili. Watoto wengi wa umri wenu watapata mapigo 70 hata 100 kwa dakika moja. Andikeni hesabu. Kisha kimbieni kuzunguka uwanja mara mbili, mtembee polepole, na mhesabu tena mara mkiisha, halafu baada ya dakika moja, ya tatu na ya tano. Mtaona hesabu yashuka upesi kwanza, kisha polepole. Hivyo mwaona kwa vidole vyenu mwili ukilipa deni lake. Fanyeni jambo hili tena baada ya mwezi mmoja wa mazoezi. Moyo uliozoezwa hurudi katika utulivu wake mapema zaidi.

Mwili ni mdeni mwaminifu. Hukopa wakati wa shida, na hulipa bila kukumbushwa, mradi apewe mwenyewe hewa, maji, chakula, usingizi na muda. Basi mwenzenu akisema, "Nimechoka, nipumzike kidogo," msimcheke upesi, wala msimwite mvivu kabla hamjaijua kazi aliyoifanya. Huenda miguu yake imekaa kitako, na huku mwili wake wangali walipa.

Maswali

1. Kwa nini mkimbiaji huzidi kuhema baada ya mbio kwisha?
2. Misuli hukopa nguvu katika mahali gani pawili?
3. Asidi laktiki huenda wapi baada ya mbio? Je, ndiyo iletayo maumivu ya siku ya pili?
4. Mwenzako amemaliza mbio naye amesimama wima bila kutembea. Utamwambia nini, na kwa sababu gani?
5. Kwa nini kukimbia mchana ni kugumu zaidi huku Njisi penye hewa ya unyevu?
6. Mwalimu alimkosea mvulana yule kwa mambo gani? Wewe ungalifanyaje?